Safu ya Pili

Kabete, stoo ya maabara, kabati la chuma lisilofunga.
Nilitumwa chupa za sampuli
nikatoka na daftari la Bi Wilhelmina Stroud,
kurasa zimeshikana kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Babu alimwita Bi Sitiraudi.
Alifika na sanduku la vioo mwaka ule wa nzige,
mwembamba, viatu vya kiume,
akinusa kila debe kama mtu anayenusa uongo.
Kwao Amerika alikuwa amesema jambo dogo tu:
ng'ombe anaweza kuwa msafi, maziwa yake yakabeba homa.
Wenye ng'ombe walicheka.
Wenye shahada walicheka zaidi.
Akafunga sanduku.

Babu yangu, Nahashon Kirugumi, alimwoshea vioo.
Miaka minane. Maji moto, majivu, maji moto tena.
Akajua kuwapikia vijidudu uji wao,
supu ya nyama, chumvi, mwani unaoganda,
na kuchungulia kwa jicho moja bila kufumba la pili.
"Wanafanana na nini, Nahashon?"
"Mchanga, Bibi. Mchanga uliomwagwa na mtu asiyejali."
Neno hilo lipo, ukurasa wa arobaini, kwa Kiingereza.
Halisemi limetoka kinywani mwa nani.

Kisha, Juni, safu mbili za namba.
Ya kwanza ina herufi zake, W.S.
Kwa vipimo vya kwao: mia na tatu jioni,
tisini na saba alfajiri. Jasho. Mgongo. Jasho.
Ya pili haina jina.
Inapanda ile ikipanda, siku tatu nyuma,
kama mtumishi afuataye kwa adabu.

Nyumbani Wangige walisema malaria.
Malaria gani iliyokataa kwinini?
Nyanya alikuta godoro limelowa, akaambiwa paa linavuja,
na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Bi Stroud alirudishwa kwao kwa machela.
Makala ikatoka: *wagonjwa wawili, wote wa maabara.*
Mmoja alipona nusu.
Wa pili hakuna aliyemuuliza.

Nilitaka kumchukia. Nilikaribia.
Halafu nikaziona saba.
Babu aliikata saba kiunoni, hata kwenye risiti za kahawa,
na kuanzia tarehe kumi na mbili, mama wa watu asipoweza kushika penseli,
safu zote mbili zina saba za Babu.
Yake na yake.
Nafasi ya jina ilikuwa wazi, penseli mkononi.
Hakuandika.

Leo nimepima maziwa ya mashine za Kawangware,
vikombe thelathini. Viwili sikuvipenda.
Nimeandika tarehe, duka, na jina langu lote, hadi la ukoo,
msimamizi akauliza mbona herufi kubwa hivyo.

Jioni, Uthiru, sufuria iko motoni.
Simu inalia chumbani. Iache ilie.
Maziwa hungoja ugeuke.