Vitabu Katika Ghala la Nyama

Mimi ni mchinjaji. Falsafa sijaisoma,
nimeibeba.

Usiku ule mto ulipopanda ngazi za maktaba
bila viatu, bila kadi ya msomaji,
Bi Drahomíra alinigongea dirisha kwa funguo zake:
"Ctibor, ghala lako la baridi lina nafasi?"
Nikamwambia lina nguruwe kumi na wanne.
Akasema, wasogee.

Miaka mia tatu kumbi zile mbili hazikusalimiana.
Kulia, teolojia: dari ya chini, malaika wa plasta,
harufu ya nta na ya makasisi waliokwisha kusahaulika.
Kushoto, falsafa: madirisha marefu, na baridi,
maana jiko lilipigwa marufuku tangu enzi hizo;
kitabu huogopa moto, msomaji na avae koti.
Katikati, mlango. Ufunguo wake ulikuwa na daftari lake.

Maji hayakuuliza ufunguo uko wapi.

Tukajipanga mstari hadi kwenye lori langu:
watawa wawili, mwalimu wa hesabu,
vijana wa timu ya magongo ya barafuni,
na Zbyněk mlevi, ambaye usiku ule
alikuwa na akili zake kuliko sote.
Mkono kwa mkono. Mtakatifu akalaliwa na mzushi,
mzushi akalaliwa na kamusi,
na kurasa zilikuwa zimekunywa
kama ndama aliyeachiwa mamaye.

Hapo nikaitambua ngozi.
Jalada zito, limelowa, na kidole changu
kikajua kabla yangu: ndama, wiki sita, upande wa mbavu.
Palikuwa na kovu dogo la mwiba.
Waliandika nini humo juu ya roho, sijui.
Najua kuna mtu aliyeila nyama ile
akapangusa kisu.

Viliganda miezi mitano chini ya kulabu.
Wateja wakiuliza, leo kuna nini,
nawajibu: mbavu, maini, na uwepo wa Mungu,
ila huo si wa kuuza.

Vilipoyeyushwa, viwili vilikataa kuachana.
Kimoja chathibitisha, kingine chakanusha
(ndivyo alivyoniambia, Kilatini changu ni cha misa tu),
wino umehama, hoja imejichapa kinyumenyume
juu ya jibu lake.
Mtaalamu wa mji mkuu akatoa kisu chembamba.
Bi Drahomíra akakitazama kisu, akanitazama mimi.
"Wewe ungekata?"
Nikavipapasa polepole, kama ninavyopapasa paja
kutafuta njia.
Nikasema: hapa hakuna kiungo.

Vimewekwa kwenye mlango wa katikati,
ambao mbao zake zilivimba, haufungiki tena.
Alhamisi nikifunga duka hupita kuviona. Navaa koti.

Na ghala langu, hata leo, nikilifungua alfajiri,
hunukia karatasi kidogo.
Nguruwe hawajalalamika.