Mshenga wa Isimila

Barua ya posa ilifika Jumamosi
ndani ya leso nyeupe, na noti mbili za kuifungulia.
Imetoka Tukuyu. Kijana anaitwa Gwakisa.
Shemeji yangu Luhwago akaisoma mara mbili,
akaisogeza mbali na ulanzi isilowe.
"Mnyakyusa," akasema. "Hawa tunawajua kwao?"

Mimi ni mlinzi wa korongo la Isimila.
Miaka kumi na tisa nafagia majani juu ya mawe
aliyoyachonga mtu pande zote mbili
kabla hajawapo Mhehe, wala neno la kumwitia.
Watoto wa shule huuliza: yalikuwa ya nani?
Ya watu, nawajibu. Kisha naona shaka kidogo.

Mwaka juzi walikuja wa chuo.
Nikatema mate kwenye kichupa, nikatia sahihi.
Majibu yaliporudi Twilumba akanisomea:
"Baba, humu ndani mna watu wengine.
Si sisi hasa. Jamaa wa mbali, wakaisha.
Hata mfupa wao hakuna aliyeuona."
Wamebaki kwenye damu tu,
kama moshi kwenye blanketi la mgeni aliyekwisha kuondoka.
Mfano huo ni wangu. Yeye alisema "asilimia".

Sasa Luhwago anahesabu ng'ombe, anachambua ukoo,
nani kwao ana kifafa, nani alifungwa, mwiko wao nyama gani,
nami nipo chini korongoni,
usiku wenye baridi kuipita hii ya Julai:
mwanamke mwenye paji lililotokeza kama kibaraza
anausogelea moto usio wa kwao.

Nani alikuwa mshenga?
Alibisha hodi kwa lugha gani?

Labda hapakuwa na posa.
Labda alivutwa mkono, analia. Mate hayasemi.
Ila mtoto alizaliwa, na mtu akamnyonyesha,
na mtu akamtafunia nyama kabla hajaota meno,
la sivyo nisingekuwa hapa, nakuna sikio.

"Shemeji, umenyamaza. Huna neno?"

Ninalo, lakini ni kama lile jiwe la kabati la kwanza,
halinyanyuki kwa mkono mmoja.
Nikamimina ulanzi, nikadondosha kidogo sakafuni,
kwa bibi yangu asiye na jina.
Mke wangu akanikata jicho: sementi ni mpya.

"Waje," nikasema.
"Na ndizi zao walete."