Dole Gumba

Hombolo, mizabibu hunywa kwanza.
Alfajiri mabomba hukoroma chini ya nyavu,
kila shina na tone lake,
nasi tumepanga ndoo nje ya uzio
tukisikiliza maji yakienda kwa jirani asiye na mdomo.

Nyumba yetu ni lita arobaini.
Imeandikwa mlangoni kwa rangi ya bluu:
Bibi Mbeleje, kumi na tano.
Mama, kumi na tano.
Mimi na Ezeki, tano tano, maana ni watoto.
Mtoto hana dole. Ana kiu tu.

Ukitimiza miaka kumi na sita unaitwa Ihumwa,
kwenye ukumbi wa feni nyingi na sakafu ya kuteleza.
Unavaa shati jeupe la kuazima.
Watu wanapiga makofi: umekua!
Unapewa kumi na tano zako.
Lakini nyumba haiongezeki, nyumba ni arobaini,
kwa hiyo kuna swali, nalo husomwa kwa upole:
Nani anahama?
Kinachobaki katika hesabu hurudi kwa mizabibu.

Ndipo nilipoelewa habari za mjomba Ndahani.
Niliambiwa yuko Manyoni, ana duka la betri,
ana shughuli nyingi.
Nilimwandikia barua mbili. Mama alizipokea: nitazituma.
Usiku ule alikuwa akichambua mlenda mkavu,
hakuinua uso.
"Nilikuwa na kumi na sita," alisema.
"Yeye alikuwa anakohoa. Nikajiambia, si anakohoa?"
Akaendelea kuchambua.

Kitandani Bibi alikuwa macho.
Aliyelala hapumui kwa adabu namna ile.

Siku tatu nilisaga uwele, zamu ya Mama na zamu yangu,
kwenye jiwe lililoanza kuchimbika kabla ya Bibi kuzaliwa.
Unga ulipokwisha sikuacha.
Niliweka dole gumba, nikasukuma, nikavuta,
na ile mistari, matuta madogo ya shamba lisilo na mvua,
ikafutika.
Mwanzoni haiumi.
Baadaye inauma mpaka kwenye jino.

Kijana wa mashine, Chiduo, jina lilikuwa kifuani,
alinishika mkono kama anayechagua nyanya.
"Bonyeza."
Taa nyekundu.
"Futa jasho. Bonyeza tena."
Nyekundu.
"Haya, la kushoto."
La kushoto nalo nilikuwa nimelimaliza.
Nyuma yangu foleni ya mashati meupe ilianza kuguna.
Akanitazama. Hakunizidi hata miaka miwili.
Kisha akatazama vidole vyake mwenyewe, haraka,
kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni,
akaandika: Haisomeki. Bado mtoto. Arudi mwakani.

Hakuna aliyepiga makofi.
Nilirudi juu ya lori la mbolea, mdomo umekauka,
vumbi la Agosti likinipiga usoni bila kuuliza umri wangu.
Nimekua, niliwaza, na hakuna karatasi inayojua.
Mwakani ngozi itakuwa imeota.
Jiwe nalo litakuwepo.

Mama aliona vitambaa.
Alichovya kidole kwenye mafuta ya alizeti,
akanipaka kulia, akanipaka kushoto,
taratibu, kama anayetafuta kitu alichokiangusha zamani.
Ezeki akauliza kama nimeleta soda ya sherehe.

Bibi aliinuka bila kusema neno, akaenda nyuma ya mlango.
Kulikuwa na furushi pale. Sikuwahi kuliona.
Kanga moja, mafundo mawili, limefungwa sijui tangu lini.
Akalifungua kwa meno na kucha,
akatoa kikombe chake cha bati,
akakirudisha kwenye msumari.