Roho, Upande wa Kulia

Walioiunda waliiita Roho.
Baba, karani wa mahakama ya Kisumu,
aliinunua kwa mkopo wa ushirika,
akaiendesha miaka kumi na miwili,
kisha akaiegesha nyuma ya jiko huko Luanda
akasema, "Kesho."

Kesho ilitaga mayai.
Kuku watatu waliatamia kiti cha nyuma,
mpapai ukachomoza penye taa iliyovunjika,
na kutu, mgeni asiyebisha hodi,
akaanza kula sakafu, kimya, bila chumvi.

Mimi ni fundi cherehani wa Kibuye.
Nguo nazijua. Chuma sikijui.
Lakini nilipopitisha kidole chini ya mlango
kikatokea ng'ambo,
nilijiambia: hili ni pindo lililofumuka tu,
na pindo hushonwa.

Daftari la mistari, ukurasa wa kwanza.
Kuivuta hadi Nyalenda kwa trekta la Bwana Endusa: elfu tatu, na chai.
Betri ya mtumba: elfu mbili mia nane.
Msasa, karatasi thelathini, na vidole vyangu kumi.
Sare za shule za Januari zilinunua kabureta.
Gauni la bibi harusi wa Ahero lilikuwa linunue breki.
Harusi ikavunjika.
Breki zikangoja hadi Agosti.

Kaka yangu Amwayi alipiga simu kutoka Eldoret:
"Kwa pesa hizo ungepata pikipiki."
Kweli. Sikumbishia.
Hesabu ilikuwa upande wake.

Mchomeleaji wangu, Odiaga, haamini bei ya bati jipya.
Alileta kibao cha chuma cha shule iliyobadilishwa jina,
akakikata kwa tindo, akakichomea sakafuni.
Sasa miguu ya dereva hukanyaga maneno
BIDII NI
na kipande kilichobaki alimuuzia mchoma mahindi.
Ukiniuliza bidii ni nini,
nenda ukasome chini ya makaa.

Siku nyingine alipima magurudumu kwa kamba
akanuna: upande mmoja umeupita mwenzake
kwa vidole vitatu.
Akapima tena. Akasema baba aliuziwa kilema.
Nikamwambia ilizaliwa hivyo, zote huzaliwa hivyo,
ndefu huku, fupi huku, na bado huenda mbele.
Baba, aliyechechemea tangu utotoni,
aliichagua kwa sababu hiyo,
ingawa kwa mama alitaja mafuta.

Viti nilivishona mwenyewe, usiku,
kwa turubai la lori na uzi wa viatu.
Sindano tatu zilivunjika.
Gia, inayochomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli,
niliivisha kitambaa kilichosalia cha lile gauni.

Majirani wakawa na salamu yao:
"Roho inaendeleaje?"
"Imetobolewa, imezibwa, haijawaka."

Novemba, rangi. Pesa zilitosha lita mbili,
rangi ya chai yenye maziwa mengi.
Ikafika boneti, ikafika paa,
ikashuka upande wa kulia, ikaishia hapo.
Kushoto pamebaki na praima nyekundu
kama barabara ya kwetu kabla ya mvua.

Jumapili Odiaga alinipa ufunguo, akarudi nyuma hatua nne.
Injini ikakohoa.
Ikakohoa tena, ikatema moshi mweusi
na unyoya mmoja wa kuku.
Tukafika kwenye kibanda cha maji, mimi na yeye,
mita mia mbili hivi, vioo vikicheza,
nami nikipiga honi isiyolia.
Pale ikazima.
Watoto wakaisukuma hadi nyumbani wakishangilia
kana kwamba kusukuma ndiyo safari yenyewe.
Niliandika: mandazi ishirini, mia mbili.

Ukiniona natoka Kibuye na majora ya vitambaa,
tafadhali simama upande wa kulia.
Ukijikuta kushoto, basi,
umeona daftari langu.