Bustani ya Ngano

Saa sita na robo, jua la Brabant limegoma kutoka,
na sisi watano tumesimama chini ya joka la plastiki
tukiikunjua ramani kama warithi wanaogawana shamba.

Baba mkwe, mzee Sjef, anataka supu ya njegere,
ile nzito, unasimika kijiko kinasimama.
Fenna anataka chapati za maji za nyumba ya mchawi,
zile pana kuliko uso wake, zenye sukari ya unga.
Huub anataka mahali pasipo na foleni,
yaani anataka kurudi nyumbani.
Mimi sitaki kitu. Mimi nasoma alama:
shuke dogo lililokatwa kwa mstari mwekundu.
Sehemu kumi na saba za kula. Shuke, mara tatu.
Nilizihesabu jana usiku, kitandani.

Jurre ana miaka saba na hataji chakula.
Anakwangua rangi ya benchi kwa ukucha.

Hapa ni bustani ya ngano.
Ngano ya bata mwenye funguo saba,
ngano ya mfinyanzi aliyeoa ukungu,
ngano ya mwokaji aliyeoka mkate mkubwa
hata mji mzima ukahamia ndani yake.
Mwanangu huzila ngano zote kwa masikio,
na kwa kinywa haruhusiwi hata chembe.

Kwenye nyumba ya mchawi, binti mwenye kofia ya uyoga
aliangalia unga, akaniangalia mimi, akasema,
“Nadhani haina.”
Nadhani.
Nalijua neno hilo.
Ndilo lililomkunja Jurre kwenye sakafu ya bafu
usiku wa kuamkia Pasaka.

Mkahawa wa pili, mpishi alileta faili, akalipekua kwa heshima:
mchele upo, lakini huchemshwa kwenye maji ya tambi.
Tukamshukuru. Tukatoka.
Fenna akaketi chini katikati ya njia,
watu wakamzunguka kama maji na jiwe.
“Kila siku tumbo lake! Kila siku yeye!”
Na Jurre, upesi: “Mimi sina njaa.”
Hulisema hilo kama watoto wengine wasemavyo tafadhali.
Tumbo lake likanguruma, sote tukalisikia,
mzee Sjef akakohoa ili alifunike.

Husemwa mwenye njaa hana miiko.
Njoo umwone wangu.

Nyuma ya farasi wa kuzunguka palikuwa na kibanda cha viazi,
kidogo hata ramani ilikisahau.
Kijana mmoja, chunusi kidevuni, kifuani kumeandikwa Wietse.
Sikuwa nimemaliza sentensi.
“Kikaango cha kushoto,” akasema. “Viazi tu, tangu asubuhi.
Mafuta nimemimina mwenyewe.”
Akavua glavu. Akanawa mpaka viwiko,
akavaa nyingine mpya.
Nilipouliza kuhusu mayonezi hakunijibu;
alishika kopo, akaligeuza upande wa maandishi
ili nisome kwa macho yangu.
“Dada yangu naye hali,” akasema, akaanza kukaanga.

Foleni ikarefuka nyuma yetu. Huub hakulalamika.
Mzee Sjef alikula viazi akivisifu kwa sauti,
akisema hata njegere ni viazi vya mviringo,
jambo ambalo si kweli.
Na Jurre alikula amesimama kaunta, viwiko juu,
mayonezi puani, kama mtoto wa mtu yeyote.
Alipomaliza alilamba karatasi. Sikumkataza.

Chapati ya Fenna tuliinunua saa tisa.
Aliila peke yake, benchi la mbali,
akitupa mgongo, sukari ikimwagikia koti.
Halafu akaenda kwenye chemchemi ya chura wa shaba,
akanawa, vidole kimoja kimoja, mpaka viwiko,
bila kuambiwa na mtu,
akaja na mikono inayochuruzika maji
kumshika kaka yake.