Chembe ya Weruweru

Mashine imelia mara tatu kabla ya saa nne:
kizibo cha soda,
msumari wa kiatu,
senti hamsini ya zamani, ile yenye sungura.
Eliakunda akaitia mfukoni. Hiyo nayo ni mali.

Mto umepungua, mawe yametoa migongo.
"Chuma kina makelele," anasema,
"vumbi la dhahabu halisemi."
Ndiyo maana hakulitupa karai la marehemu mjomba wake,
wala kipande cha zulia la kanisani
alichokitandika kwenye mfereji wa mbao,
wala sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio.

Mashine humwonyesha pa kuanzia tu.
Sepetu inabishana na kokoto.
Karai ndilo hakimu:
zungusha, inamisha, maji yachukue mchanga mwepesi,
sumaku ilambe ule mweusi,
pumzi uishike.

Leo imebaki chembe moja
juu ya ukucha wa kidole gumba,
ndogo kuliko yai la chawa.
Aikaeli akakaza macho, akaiona, akauliza:
"Na zile betri, pale Kiboriloni, ulinunua shilingi ngapi?"

Hakujibu.
Alichota upya mchanga uleule,
akauosha mara ya pili.