Vidole Kumi vya Lamduan

Jumanne, theluji imeziba ngazi za manispaa,
aliingia akikung'uta viatu mara mbili mlangoni
kama mtu aliyeambiwa zamani kwamba anachafua.
Lamduan Srisawat, miaka arobaini na tisa,
anaomba leseni ya chumba kimoja cha kukandia watu
juu ya duka la rangi, Mtaa wa Reli, Halvorsburg.

Mimi ndiye dirisha la tatu.
Mbwa, fataki, vibanda vya kuvulia barafuni, na sasa masaji.
Sheria yenyewe niliipiga chapa kwa mikono yangu
msimu ule polisi walipovunja mlango kule barabara kuu:
mapazia yasiyofunguliwa, magodoro manne, jiko moja la umeme.
Madiwani wakapiga kura, saba kwa sifuri.
"Ni kuwalinda," alisema Diwani Tollefson,
na sote tukaenda kula.

Kwa hiyo: picha mbili. Ada dola mia tatu na kumi, hairudishwi.
Anwani zote za miaka kumi.
Makosa yote, hata yaliyofutwa.
Majina yote uliyowahi kutumia.
(Kinyozi Duane, apitishaye wembe kooni mwa watu,
alilipa arobaini, akaniachia peremende, akaenda zake.)

Kwenye majina aliandika polepole: Mot.
"Sisimizi," akanieleza. "Mama aliniita hivyo. Nilizaliwa kidogo sana."
Kisha: Cindy.
"Huyu naye?"
"Houston. Bosi alisema langu halitamkiki."
Nikajaza: majina ya bandia, mawili.

Kwenye anwani, mwaka mmoja na miezi minne,
nyumbani ni palepale kazini. Nikamuuliza kama amekosea.
"Hapana. Mchana meza ya wateja. Usiku yangu."
Nikaipekua fomu mbele na nyuma, hadi yale maandishi ya chini
yanayotaka miwani,
nikitafuta kisanduku kinachouliza
pasipoti yako alikuwa nayo nani.
Hakipo.
Kipo kinachouliza kama umewahi kukamatwa.
Akakitia tiki bila kusita.
"Walivunja mlango, wakatuchukua sisi.
Bosi alikuwa likizo."

Mkono mtupu haulambwi;
wake mashine iliulamba, ikautema.
Dole gumba la kulia: alama haisomeki.
Cha shahada: haisomeki.
Cha kati, cha pete, nikabadilisha mkono,
mashine ikalia kama mtoto anayekataa uji.
Miaka ishirini na miwili ya mafuta ya nazi,
mabega ya madereva wa malori, viuno vya wauguzi wa zamu ya usiku,
imekula mistari yote.
Ncha za vidole zimebaki kama kipande cha sabuni
kilichosahauliwa kando ya sinki.

Nikampaka losheni, nikampangusa,
nikabonyeza kimoja kimoja, nikarudia,
hadi tukagundua wote wawili kwamba mimi ndiye ninayemkanda.
Tukacheka kidogo.
Tukaacha.

Kwenye sababu niliandika: mwombaji hana alama.
Faili litakwenda jimboni, wiki nane, pengine kumi na mbili.
Kodi ya chumba analipa tangu Novemba.
Akauliza kama anaruhusiwa kupaka ukuta wakati anasubiri.
Nikamwambia rangi haina kibali.
"Ya kijani," akasema, "ile ya mchele mchanga,"
akavaa glavu, akishika kila kidole
kama anayehesabu chenji.

Saa kumi na moja nilifunga dirisha.
Sijui kilichonituma, niliweka dole langu kwenye kioo.
Taa ikawaka papo hapo.
Mistari yangu yote hiyo hapo, mizima, imenyooka,
shamba lililolimwa vizuri
ambalo hajawahi kula mtu.

Nikafuta.
Kesho nina mbwa watatu wa kusajili,
na bwana mmoja ambaye kibanda chake, anasema,
kimezama na barafu na leseni ikiwa ndani.